Gumboro: Ugonjwa Unaovunja Kinga ya Kuku

   Mimi ni mtaalamu wenu wa ugani kutoka chuo cha kilimo, na leo nataka tuzungumze juu ya kuku. Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue, maana mwishoni nitataja siku za chanjo na ni vizuri uziandike.

Nikizunguka vijijini kuna swali moja ambalo naulizwa mara nyingi kuliko maswali mengine yote. Mfugaji ananishika mkono, ananipeleka nyuma ya nyumba, ananionyesha mizoga, kisha anasema: "Bwana mifugo, hawa nimewachanja kideri. Tena nimewachanja mara mbili. Mbona wamekufa kwa kideri?"

Hilo si swali dogo. Mtu ametoa fedha yake, amefuata maelezo aliyopewa, halafu amepata hasara sawasawa na jirani yake ambaye hakuchanja hata kuku mmoja. Tusipompa jibu la kweli, mtu huyo hatachanja tena. Na jirani zake nao watasema, "Si mlimwona fulani? Chanjo haisaidii kitu."

Mimi mwenyewe niliwahi kutoa jibu baya, na nitawaeleza ili nanyi mjifunze kutokana na kosa langu.

Palikuwa na mama mmoja katika kijiji ninachokihudumia. Mama huyu alichukua mkopo katika kikundi chao cha akina mama, akanunua vifaranga 200 vya kuku chotara. Aliwachanja kideri siku ya 7, akarudia siku ya 21, kama tulivyomfundisha. Wale vifaranga walikua, lakini walikua kwa kusuasua. Wengine walikuwa wakubwa, wengine wadogo, utadhani hawakutotolewa siku moja. Leo mmoja ana mafua, kesho wawili wanahara. Wakafa mmoja mmoja mpaka wakabaki 171. Walipofika juma la tisa, kideri kikaingia kijijini. Siku kumi baadaye mama yule alikuwa na kuku 23.

Aliponiita nilifika haraka, nikatazama, nikatoa hukumu papo hapo. Nilimwambia, "Mama, chanjo yako iliharibika. Bila shaka uliiacha juani."

Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, chanjo ile niliibeba mwenyewe ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Nilitoka nayo mjini alfajiri, na saa tatu kuku walikuwa wamekwisha kunywa."

Sikumwamini. Nikaondoka zangu. Mama akauza wale 23 ili apunguze deni, akafunga banda.

Baada ya siku chache kijana wake aliniletea kuku watatu waliokuwa wamekufa mwishoni, ambao alikuwa amewahifadhi kwenye barafu kwa jirani. Nikawapasua. Ndipo nilipoona kitu ambacho ningekiona siku ile ile kama ningechukua kisu kabla ya kufungua mdomo. Dalili za kideri zilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo somo letu la leo.

Ndugu wasikilizaji, ili tuelewane vizuri, hebu kwanza tujiulize: chanjo inafanya nini katika mwili wa kuku?

Watu wengi hufikiri kuwa chanjo ni dawa, kwamba inaingia mwilini, inakaa humo na kuua ugonjwa ukija. Sivyo. Chanjo haiui kitu. Chukua mfano wa kijiji chenye mgambo. Mtu akija na picha ya mwizi, akawaonyesha mgambo na kuwaambia, "Huyu ndiye, mkimwona mkamateni," ile picha haimkamati mwizi. Wanaomkamata ni mgambo. Chanjo ni ile picha. Inamwonyesha kuku sura ya ugonjwa, na mwili wa kuku ndio unaotengeneza askari wa kupambana nao.

Sasa je, ukipeleka picha katika kijiji ambacho hakina mgambo? Picha ni safi kabisa, lakini mwizi atapita.

Kuku naye ana kambi yake ya kufundishia mgambo. Ukimpasua kifaranga na kutazama sehemu ya nyuma, juu ya tundu la kutolea kinyesi, upande wa mgongoni, utaona kifuko kidogo cha mviringo, chenye ukubwa kama wa punje ya mbaazi au kupita kidogo, kufuatana na umri. Kifuko hicho hukua pamoja na kifaranga, halafu hunywea chenyewe kuku anapopevuka. Mtu aliyekiandika kwanza ni mtaalamu wa Italia aliyeitwa Fabricius. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1621, akiwa amekwisha kufariki, na hata leo kifuko hicho kinaitwa kwa jina lake, yaani kifuko cha Fabricius.

Lakini kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi yake. Ilijulikana kwa bahati. Katika miaka ya 1950, huko Ohio, Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Bruce Glick alikuwa akiondoa vifuko hivyo kwa vifaranga ili aone kuku watapungukiwa na nini. Hakuona kitu, kuku walikua tu. Kisha mwenzake aliyeitwa Timothy Chang akahitaji kuku wa kufundishia wanafunzi jinsi mwili unavyojikinga, akapewa baadhi ya kuku wale wale. Alipowadunga vijidudu, wengine wakafa, na waliobaki hawakutengeneza kinga yoyote. Hapo ndipo walipong'amua kwamba kifuko kile kidogo ndicho kambi ya mafunzo. Walichapisha habari hiyo mwaka 1956. Na hata leo, chembe za damu zinazotengeneza kinga ya aina hiyo, ndani ya kuku na ndani yetu sisi binadamu, zinaitwa chembe B, na herufi hiyo B imetokana na jina la kifuko hicho cha kuku.

Basi, ndugu mfugaji, kuna ugonjwa ambao unakwenda moja kwa moja kwenye kambi hiyo na kuichoma moto. Ugonjwa huo ni Gumboro.

Jina hili si la Kiswahili wala si la Kibantu, ingawa linasikika hivyo. Gumboro ni mahali katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huu ulionekana kwanza mwaka 1957. Maelezo yake ya kitaalamu yalitolewa mwaka 1962. Unaletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo sana kisichoweza kuonekana hata kwa darubini ya kawaida. Binadamu hapati Gumboro. Lakini kwa kuku ni adui mkubwa, awe wa kisasa, chotara au wa kienyeji.

Kirusi hiki huingia kwa mdomo, katika chakula, maji au maranda yenye kinyesi cha kuku mgonjwa. Kikishafika mwilini hutafuta zile chembe changa zinazofundishwa ndani ya kifuko, na kuziua. Siku ya tatu na ya nne kifuko huvimba, kinaweza kufikia mara mbili ya uzito wake wa kawaida. Mara nyingine kinakuwa na damu ndani. Kisha kinaanza kunywea. Ikifika siku ya nane kinakuwa kama theluthi moja ya uzito wake wa awali, au chini ya hapo. Kambi imeungua, na mgambo waliokuwa wakifundishwa wamekwisha.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Gumboro ina sura mbili.

Sura ya kwanza ni ile inayoonekana. Hiyo huwapata zaidi kuku wenye umri wa majuma matatu hadi sita. Ghafla asubuhi unakuta kuku wamejikunyata, manyoya yamesimama, hawali, wanatetemeka, wanahara maji meupe, na manyoya ya nyuma yamechafuka. Wengine hujidonoa wenyewe sehemu ya nyuma. Vifo huanza, huongezeka kwa siku mbili tatu, kisha hupungua, na baada ya juma moja hivi mambo hutulia. Ukimpasua aliyekufa utaona mabaka ya damu kwenye nyama za mapaja na kifua. Mfugaji akiona vifo vimekoma hushukuru na kusema ugonjwa umepita.

Sura ya pili haionekani. Hii huwapata vifaranga wadogo, walio chini ya majuma matatu. Kirusi kinaingia, kinachoma kambi, na kifaranga anaendelea kula na kulia kama kawaida, au anazubaa kidogo tu. Huoni vifo vingi, wala huoni sababu ya kumwita mtaalamu. Lakini kifaranga huyo ameumizwa kuliko yule mkubwa, kwa sababu kambi yake imeungua kabla hata mgambo wa kwanza hawajatoka. Yule mkubwa alikuwa amekwisha kupata askari kadhaa waliotawanyika mwilini, mdogo hana.

Mwaka 1972 wataalamu huko Uingereza walionyesha jambo hili waziwazi. Vifaranga waliopata Gumboro wakiwa wachanga, kisha wakachanjwa kideri, hawakujenga kinga ya kutosha. Chanjo ilikuwa nzuri, nao walichanjwa sawasawa. Lakini mwili haukuwa na cha kujibu.

Je, mmeona sasa? Yule mama alisema kweli. Wale kuku watatu niliowapasua walikuwa na umri wa juma la tisa. Katika umri huo kifuko kingepaswa kuwa kikubwa na chenye afya. Niliwakuta na vifuko vilivyosinyaa, vidogo kama punje ya mtama. Nikarudi kwake siku ile ile, nikamuuliza habari za kundi lililotangulia. Akanieleza kwamba kabla ya wale 200 alikuwa na kundi jingine, na walipokuwa na umri wa mwezi mmoja walihara kweupe kwa juma moja, wakafa kumi na tano, wengine wakapona. Aliwauza wote walipokua. Siku kumi baadaye akaingiza vifaranga wapya katika banda lile lile, juu ya maranda yale yale. "Maranda yalikuwa bado mazuri, mwanangu," akaniambia, "nikaona kuyatupa ni hasara."

Kirusi cha Gumboro ni kigumu mno. Watafiti walikikuta kikiwa hai katika mabanda siku 122 baada ya kuku wagonjwa kuondolewa. Ndani ya maji, chakula na kinyesi walikikuta bado kina nguvu baada ya siku 52. Hata vile vidudu vidogo vyeusi vinavyoishi ndani ya maranda vinaweza kukibeba. Kwa hiyo, vifaranga wa yule mama walikula kirusi tangu siku ya kwanza walipogusa maranda yale. Kideri kilikuja kumaliza kazi iliyokwisha kuanzwa na mwingine.

Na si kideri peke yake. Kuku aliyevunjiwa kinga hushambuliwa na kila kitu. Kuhara damu ambako wengine hupona, yeye hufa. Mafua hayamtoki. Vidonda havikauki. Ndiyo maana nawaambieni: ukiona kundi lako lina magonjwa mengi madogo madogo yasiyokwisha, dawa unanunua kila juma na nafuu huioni, usikimbilie tu kubadilisha dawa. Jiulize kama kinga ya kuku hao haikuvunjwa walipokuwa wadogo.

Ningependa pia mjue kuwa Gumboro hana tabia hii peke yake. Ugonjwa wa mahepe, ule unaopooza miguu na mabawa, nao unaletwa na kirusi, na kirusi hicho nacho huharibu kinga. Ulielezwa kwanza na József Marek wa Hungaria mwaka 1907. Wenyewe husambaa kwa vumbi la manyoya. Kuna na ugonjwa wa vifaranga wa kukosa damu, ambao kirusi chake kilipatikana Japani mwaka 1979. Huu hudhoofisha tezi zilizo shingoni mwa kifaranga, ambazo nazo ni kambi ya askari wa aina nyingine, na unaweza kutoka kwa mama kupitia yai. Hao wote ni ndugu katika kazi moja. Tena chakula chenye ukungu, hasa mahindi na mashudu yaliyovunda, kina sumukuvu ambayo nayo hupunguza kinga. Kwa hiyo mfugaji anayelisha kuku wake mahindi yenye ukungu anamsaidia adui.

Haya, tumeujua ugonjwa. Tufanye nini?

Kwanza kabisa niseme wazi: Gumboro haina dawa ya kutibu. Zile dawa za kuua bakteria mnazonunua dukani haziui kirusi. Mtaalamu anaweza kukupa dawa fulani ili kuzuia magonjwa yanayofuata nyuma, lakini kambi iliyoungua haijengwi kwa dawa. Ugonjwa ukiingia, wape kuku maji safi ya kutosha na vitamini, waweke mahali pakavu penye joto linalofaa, wazike au wachome waliokufa, na usiwapeleke wagonjwa mnadani kuwauzia wenzako. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa Gumboro kinga ndiyo njia pekee tuliyo nayo.

Kinga hiyo ina nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni mama wa kifaranga. Kuku jike aliyechanjwa vizuri humpa kifaranga kinga kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo humlinda katika majuma mawili au matatu ya mwanzo, yaani wakati ule ule ambao Gumboro ingemuumiza zaidi. Kwa hiyo unaponunua vifaranga, usiulize bei tu. Uliza: "Je, kuku wazazi wamechanjwa Gumboro? Vifaranga wamechanjwa mahepe siku ya kwanza?" Muuzaji mzuri atakujibu bila kukasirika.

Nguzo ya pili ni banda safi. Usafi wa Gumboro si kufagia. Kundi likitoka, toa maranda yote na kuyapeleka mbali na banda, uyachome au uyafukie. Kwangua kinyesi kilichokauka sakafuni na ukutani. Osha kwa maji na sabuni mpaka uchafu uishe, kwa sababu dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi. Acha pakauke. Kisha ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu, kwa mfano zile zenye iodini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Osha na vyombo vyote vya maji na chakula. Baada ya hapo acha banda wazi kwa majuma mawili angalau. Kama Gumboro ilikuwa imepita, ongeza muda. Na usichanganye kuku wa umri mbalimbali katika banda moja, maana wakubwa waliopona watawapa wadogo ugonjwa.

Nguzo ya tatu ni miguu. Ndiyo, miguu yetu. Kirusi husafiri kwa viatu, kwa trei za mayai, kwa magunia na kwa matenga ya kubebea kuku. Weka chombo chenye dawa mlangoni mwa banda, kanyaga humo kabla ya kuingia. Tenga viatu vya bandani peke yake. Hudumia vifaranga kwanza, kuku wakubwa baadaye. Na mgeni akija kutazama kuku wako, mpe kiti na chai. Bandani si lazima aingie. Hata sisi mabwana mifugo, mtuzuie kama hatujakanyaga dawa. Hatutakasirika.

Nguzo ya nne ni chanjo yenyewe. Hapa ndipo mchukue kalamu. Ratiba inayotumika sana kwetu ni hii:

Siku ya 1: mahepe, ambayo hufanywa na kituo cha kutotolea vifaranga.

Siku ya 7: kideri.

Siku ya 14: Gumboro.

Siku ya 21: kideri, mara ya pili.

Siku ya 28: Gumboro, mara ya pili.

Kati ya juma la 6 na la 8: ndui ya kuku.

Baada ya hapo chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mtu atauliza, kwa nini Gumboro isichanjwe siku ya kwanza, ikiwa vifaranga wadogo ndio wanaoumia? Swali zuri. Ni kwa sababu ile kinga aliyoipata kwa mama yake haijui kutofautisha kirusi cha chanjo na kirusi cha ugonjwa. Ukichanja mapema mno, kinga ya mama inaiua chanjo. Ukichelewa mno, kinga ya mama imekwisha na kifaranga yuko uchi. Ndiyo sababu tunachanja mara mbili, ili aliyekosa mara ya kwanza apate mara ya pili. Daktari wa mifugo wa eneo lako anaweza kubadilisha siku hizo kufuatana na hali ya ugonjwa na mahali vifaranga walipotoka. Msikilize.

Chanjo ya Gumboro kwa kawaida hutiwa ndani ya maji ya kunywa. Siku moja kabla, pima kuku wako wanakunywa maji kiasi gani kwa saa mbili. Hicho ndicho kiasi utakachotumia. Siku ya chanjo, asubuhi na mapema, ondoa maji kwa saa moja au mbili ili wapate kiu. Tumia maji safi yasiyo na dawa ya bomba. Ongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, kama kijiko kimoja cha chai, ili kuilinda chanjo. Tumia vyombo vya plastiki vilivyooshwa kwa maji matupu bila sabuni wala dawa. Hakikisha vyombo vinatosha, wote wanywe, na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Chanjo yenyewe ibebwe katika barafu na isipigwe jua hata kidogo. Na kumbuka: chanja kuku wazima tu.

Ndugu wasikilizaji, kuna jambo la mwisho. Kuku wakifa, msizike wote kabla mtaalamu hajaona. Weka wawili au watatu waliokufa karibuni ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa baridi, na uwapeleke haraka kwa bwana mifugo au katika maabara ya mifugo. Usiwapasue mwenyewe jikoni. Na andika katika daftari: vifaranga walitoka wapi, walichanjwa nini, siku gani, na kundi lililotangulia liliugua nini. Daftari la yule mama lingekuwepo, na mimi ningeliuliza, tungelijua jibu siku ya kwanza.

Mtauliza, mama yule aliishiaje? Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya wanakikundi wenzake, maana na lawama nilikuwa nimezitoa mbele yao. Kikundi kikamwongezea muda wa kulipa. Mimi na kijana wake tukatoa yale maranda yote, tukakwangua, tukaosha, tukapuliza dawa, tukaacha banda miezi mitatu bila kuku. Akaanza upya na vifaranga 100, kutoka kwa wazazi waliochanjwa, akafuata ile ratiba niliyowasomea sasa hivi. Kideri kilipopita tena kijijini, kuku wake walisimama. Deni alikwisha kulilipa. Siku hizi nikifika kwake, kabla sijasema neno, ananiuliza, "Mwanangu, leo umekuja na kisu chako?" Nami nakuwa nacho.

Basi, ndugu mfugaji, tukumbuke kwa ufupi. Chanjo ni mafunzo, na mwili wa kuku ndio unaofundishwa. Gumboro huharibu mwili huo katika majuma ya mwanzo, kimya kimya, na hasara huja kuonekana baadaye kwa jina la ugonjwa mwingine. Linda majuma matatu ya kwanza: wazazi waliochanjwa, banda lililooshwa, viatu visivyoleta ugonjwa, na chanjo kwa siku yake. Ukifanya hivyo, fedha unayotumia kuchanja kideri haitakuwa imetupwa.